Mwalimu Habebi Watu Siku Hizi

9 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini safari haikukuchosha na kwamba umemkuta Mama Mkubwa mzima. Msalimie sana. Sisi huku hatujambo. Mkweo naye yupo. Jana aliyaacha mafriji ya watu anayoyatengeneza akashinda juu ya paa la shule yetu, maana mvua zimeanza na ile kona ya darasa la wadogo imerudia mchezo wake wa kuvuja. Mpishi anakusalimu. Anasema tangu uondoke uji umekosa mtu wa kuukosoa, hata yeye unamchosha.

Uliniambia siku za mvua nisiwafungie watoto ndani. Basi tuliweka uani vikopo, sahani, ndoo na sufuria moja niliyoiomba kwa mbinde, tukasimama barazani kuangalia kipi kitajaa kwanza. Kikopo kilishinda ndoo. Ilikuwa vurugu! Waliokuwa upande wa ndoo walisema wameonewa. Yule mtoto wa kinyozi, tunayemwita Waziri kwa maswali yake, akanivuta sketi: "Mwalimu, mvua inajuaje kwamba hiki ni kikopo na hii ni ndoo?" Wewe ungekuwa na la kumwambia.

Mama, ulisema unakwenda kumwangalia dada yako wiki mbili tu. Wazazi wananiuliza langoni, nami nawajibu, "Karibuni." Niambie basi, karibuni ni lini? Ningekupigia simu, lakini najua simu na masikio yako hayaivi chungu kimoja.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika na alama ya kiatu cha kondakta wa basi juu yake, lakini imefika. Nimeisoma nikacheka peke yangu mpaka dada yangu akauliza kama nina homa.

Yeye hajambo. Ni umri tu, anasahausahau vitu vidogo. Unakumbuka kwamba kazi yake ilikuwa kutangaza treni pale stesheni tangu ujana mpaka alipostaafu. Basi siku hizi tukiwa tunakula anaweza kuweka kijiko chini, akakaa wima, akasema kwa sauti ileile yake nzuri: "Abiria wote, tafadhali sogeeni nyuma ya mstari." Nami nasogeza kiti changu nyuma. Sioni ubaya.

Waziri mwambie hujui, kisha umuulize yeye anaonaje. Watoto wa namna hiyo huja na jibu mfukoni, wanatafuta tu mtu wa kumwonyesha. Mpishi mwambie uji auongezee chumvi kidogo. Nauona kutoka hapa.

Kuhusu paa, mkwe wangu asiweke lami kabla bati halijakauka, itabanduka yote. Vaa viatu vizuri, ua unateleza.

Mama yako


11 Mei

Mama,

Shikamoo. Paa limekaa sawa, mkweo anajisifu nalo kila siku. Baridi imeingia. Watoto wanafika wamefungashwa kama vifurushi, sweta juu ya sweta, na nusu ya asubuhi inaishia kwenye kufungua vifungo. Wakishafunguliwa wanakwenda madirishani, wanapuliza hewa kwenye kioo na kuchora kwa kidole. Kila mmoja anachora watu wa nyumbani kwao. Mmoja amemchora baba yake mkubwa kuliko dirisha, tukalazimika kumwazima dirisha la jirani.

Unajua wanavyopenda kubebwa kutoka langoni hadi ngazini. Sasa kazi hiyo amechukua mpishi. Waziri akauliza mbele za watu, "Kwa nini mwalimu habebi watu siku hizi?" Nikasema mgongo unaniuma. Mpishi akaniangalia, kisha akaiangalia sufuria yake, akaendelea kukoroga.

Nimebadilisha sabuni ya kufulia. Ile tuliyokuwa tukitumia siku zote harufu yake imenikinai ghafla. Basi, jipya hakuna.

Swali langu la mwezi wa tatu hukulijibu.

Mwanao


3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa.

Sikuulizi kitu. Ila usimbebe mtoto yeyote, hata yule mwembamba anayepeperuka. Usiiname kufunga kamba za viatu. Wafundishe wafungane wenyewe, ni somo zuri kwa msimu wa baridi. Meza ya mbao aisogeze mkwe wangu kabla hajaenda kwenye mafriji yake. Wewe kaa kwenye kiti kikubwa. Chakula cha mchana usikile umesimama kama ulivyozoea. Nimesema sikuulizi, na kweli sikuulizi.

Huku tunaendelea. Nimemchorea dada yangu picha, nikabandika ya kitanda kwenye mlango wa chumba na ya ndoo kwenye mlango wa bafu, kama tunavyofanya kwa wadogo wanapokuwa wageni. Zinamsaidia. Tuna pia wimbo wetu wa kunawa mikono. Anaupenda, anataka turudie mpaka maji yaishe kwenye birika. Jana alicheka sana. Jioni aliniuliza kama mimi ni muuguzi, nikamwambia ndiyo, kwa leo.

Kula matunda.

Mama yako


20 Julai

Mama,

Shikamoo. Mbona umenyamaza? Nilikuandikia mwezi wa sita, barua haikujibiwa. Nikakutumia ujumbe kwenye simu, ukarudisha "tupo salama," maneno mawili, wewe ambaye ukimwagiza mtu chumvi unaandika ukurasa. Hii nampa kondakta mkononi, na nimemwambia akuone kwa macho yake.

Upepo umeanza. Tumetengeneza vishada kwa magazeti na mifuko, mkweo akachonga vijiti. Kimoja tu kilipaa. Vingine viliburutwa ardhini na wenye navyo wakikimbia mbele, wakiamini kabisa viko mawinguni, kwa kuwa hawakugeuka nyuma. Sikuwa na moyo wa kuwaambia wageuke.

Mama, ndiyo. Najua umeshajua, lakini acha niliandike kwa mkono wangu: ndiyo. Nimeshapita pale mimba ya kwanza ilipoishia, na majuzi nimepita ya pili ilipoishia. Anacheza. Ukimwacha mkweo, sijamwambia mtu. Mkweo anatembea humu ndani kama aliyebeba trei ya mayai. Sijanunua hata soksi, na wewe usinunue. Wale wawili tuliwanunulia kila kitu.

Sikuulizi unarudi lini.

Mwanao


14 Agosti

Mwanangu, mwanangu,

Niliposoma neno lako lile nilitoka nje nikasimama uani, maana chumba hakikunitosha. Neno "nimefurahi" naliona dogo. Nitatafuta jingine.

Sasa na mimi nikwambie. Mwezi wa sita dada yangu alipotea. Niligeuka kuanika nguo, nilipogeuka tena mlango uko wazi. Tulimtafuta na majirani mpaka mkata tiketi wa stesheni akanitumia mtu. Nilimkuta kwenye benchi, amevaa gauni lake la kazi, mkoba mapajani.

"Dada, unamngoja nani?"

"Namngoja mdogo wangu. Ameniambia nisiondoke hapa."

"Mimi ndiye mdogo wako."

Akanitazama kutoka chini hadi juu. "Wewe? Wewe ni mzee."

Nikacheka, naye akacheka kwa sababu mimi nimecheka, tukarudi nyumbani tumeshikana mikono. Tangu siku hiyo, nikitoka hata dukani anaanza kufungua makabati kunitafuta. Anaangalia mpaka kwenye droo. Yeye hakuzaa, mume alishatangulia, aliyebaki ni mimi. Hiyo ndiyo sababu sikukujibu narudi lini. Kila nilipotaka kuandika tarehe, kalamu ilinigomea. Kumwacha siwezi. Kuwa mbali nawe sasa hivi pia siwezi, na bado niko mbali.

Nikuambie nini zaidi? Lala ubavu. Usipande ngazi.

Mama yako


5 Septemba

Mama,

Shikamoo. Usishtuke. Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Nipo hospitali ya mkoa. Nilienda kupimwa tu, daktari akasema njia ya uzazi imeanza kufunguka kabla ya wakati. Nilale hapahapa mpaka nijifungue, nisinyanyuke isipokuwa kwa ruhusa. Mtoto anaendelea vizuri. Mkweo atakuwa anakuja Jumamosi kwa sababu ni mbali.

Shule wiki hii wameiendesha yeye na mpishi. Amewafundisha watoto jinsi friji inavyotoa joto kwa mgongoni. Waziri alifurahi, wengine walilala. Lakini haiwezi kuendelea hivi, ana kazi za watu zinazomngoja. Nimemwambia Ijumaa aandike kwenye ubao wa langoni kwamba tumefunga mpaka hapo tutakapowatangazia.

Usije, Mama. Mama Mkubwa hana mwingine, mimi nina mume na wauguzi. Nasema kweli, usije.

Mwanao


19 Septemba

Mwanangu,

Ubao nimeufuta.

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako, na dada yangu yuko hapa pembeni anapanga kalamu za rangi kwa mpangilio anaoujua yeye. Ulisema usije, nikakusoma vizuri sana. Nimekulea, najua unavyosema hapana yenyewe na unavyosema ile nyingine. Nikamwambia dada, "Tunapanda treni." Kwa mara ya kwanza baada ya miezi aliniamini papo hapo, akaenda kuchukua mkoba. Njiani alishika dirisha kwa mikono miwili, na kila kituo alikitaja kabla hatujafika. Hakukosea hata kimoja.

Shuleni watoto walimpokea kama mwanafunzi mgeni. Wakamwonyesha choo kilipo, wakamwonyesha msumari wa kutundika mkoba. Binti mmoja akamwambia, "Bibi, hapa hatupigani." Dada akasema sawa.

Siku ya tatu baba wa wale mapacha, muuza vioo, alisimama langoni na mtoto kila mkono.

"Mwalimu, nakuheshimu," akasema, na mtu akianza hivyo ujue linakuja. "Lakini nimesikia humu kuna bibi ambaye akili zimemruka. Mimi watoto wangu nimewaleta kwa walimu."

"Ni dada yangu."

"Hajui hata jina lake, nimeambiwa."

"Na hawa wako walipokuja walijua yao? Ukimwita mmoja walikuwa wanaitika wote wawili."

Hakucheka. Nikamwambia, "Ingia ukae nasi asubuhi moja. Ukiona baya, lango nitakufungulia mwenyewe na sitakununia."

Akaingia. Nikampa kiti cha darasa la wadogo, magoti yakamfika masikioni. Siku hiyo tulikuwa tunatunga shanga. Dada akachukua shanga za pacha mmoja, yule asiyejua kungoja kitu, anayenyang'anya hata hewa. Pacha akamwambia taratibu kabisa, "Bibi, subiri zamu yako. Nikimaliza mimi, unakuja wewe." Dada akaweka mikono mapajani akasubiri. Pacha alipomaliza akampa uzi, akamshikia tundu la shanga mpaka ukapita. Halafu dada akasimama, akakohoa kidogo, akatangaza: "Abiria wanaokwenda kunawa mikono, treni yenu iko tayari." Darasa zima likapanga mstari, kitu ambacho mimi hunigharimu nusu ya sauti yangu. Muuza vioo naye akainuka akapanga, nyuma kabisa.

Aliponifikia alisema, "Mama yangu alikuwa hivi. Hatukujua la kufanya. Tulimfungia chumbani." Nikammiminia maji anawe. Kesho yake alikuja na fremu akatubadilishia lile dirisha lenye ufa, akaondoka bila kuaga.

Kwa hiyo shule ipo. Mkwe wangu amerudi kwenye mafriji. Wewe kazi yako ni moja tu, lala.

Mama yako


8 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Barua yako imezunguka wodi nzima. Nilimsomea jirani wa kitanda, akaniomba amsomee dada yake, yule akaniomba aipeleke kwa muuguzi, na imerudi ina doa la chai. Wote wanamsalimia Mama Mkubwa. Sikujua kwamba mtu anaweza kucheka na kulia kwa sentensi moja bila kuinua kichwa kwenye mto.

Mchana ni mrefu hapa. Naangalia dari. Naujua kila ufa wake, kuna mmoja umekaa kama ngamia. Mama, nataka kukuuliza jambo na sijui nilianzeje. Wale wawili walipokwenda, ulikuja ukanipikia, ukafua, ukapanga nyumba, lakini hukusema lolote. Hukuwahi kuwataja. Mimi nikadhani labda ni mimi pekee ninayewakumbuka. Sikulaumu. Nauliza tu, maana nimelala hapa sina jingine la kufanya ila kuuliza, kama Waziri.

Naogopa. Basi, nimeliandika.

Mwanao


27 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Joto limekuja, tunafanyia masomo kivulini. Wiki hii tumechora vivuli: mmoja anasimama juani, mwenzake anamzungushia chaki sakafuni. Ilipofika mchana wakarudi kusimama mahali pao, vivuli vimepungua. Kilio! "Nani amekata mguu wangu?" Jana ilikuwa siku ya kuosha. Tumeosha viti, wanasesere, na mpishi aliyekuwa amepita karibu.

Nimewaambia ukweli kuhusu wewe, kwamba umelala kwa sababu una mtoto tumboni ambaye hajawa tayari kutoka. Waziri akafikiri, akasema, "Ndiyo maana alikuwa habebi watu. Alikuwa ameshabeba." Akaenda zake kucheza, kama mtu aliyemaliza kesi.

Sasa swali lako. Nimelizunguka ukurasa mzima, umeona.

Nawakumbuka. Yule wa kwanza nilimshika wakati wewe umelala kwa dawa. Alikuwa na paji la uso la baba yako. Sikukwambia kwa sababu nilidhani nikifungua mdomo nitaanguka mimi, na wewe ndiye uliyekuwa wa kushikwa. Wa pili sikuthubutu kumtazama, nikaenda kufua. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Tangu hapo nikisikia mtu anapiga hesabu ya watoto wa rika lile langoni, nami moyoni huwaongeza wawili. Hukuwa peke yako hata siku moja.

Na mimi naogopa. Naogopa asubuhi nikichemsha maji, naogopa simu ya mkwe wangu ikiita. Dada ameliona. Hajui mwaka huu ni upi, lakini jana alinifuta uso kwa kitambaa chake akasema, "Usihofu, mdogo wangu, imechelewa tu." Aliniita mdogo wangu. Sijui alikuwa anasemea nini, nikaamua kupokea.

Sijanunua kitu, kama ulivyotaka. Nimefua tu yale mashuka laini.

Mama yako


6 Novemba

Mama,

Shikamoo. Mkweo atakuwa ameshafika na kukwambia, na kwa ninavyomjua alisema nusu, nusu nyingine akaimalizia kwa leso. Kwa hiyo acha nikueleze mimi.

Ilianza Jumanne wakati wa chakula cha mchana. Sahani ya wali iko kifuani kwangu, nikahisi maji. Walinikimbiza na kitanda chote, jirani yangu akiniombea kwa sauti mpaka mlango ulipofungwa. Haikuchukua muda. Muuguzi alikuwa ananishika bega akiniambia sukuma, nikasukuma, kisha nikahisi ametoka.

Chumba kikawa kimya.

Ukimya ule wewe unaujua, Mama. Mimi nilikuwa nimeshausikia mara mbili. Nikafumba macho, nikaanza kujipanga kwa ajili ya neno "pole," nikawaza nitakuandikiaje. Nikasikia daktari anasema kitu kwa haraka, vyombo vinagongana, mtu anasugua kitu kwa kitambaa. Nikamwambia Mungu, basi, nimeelewa.

Halafu akalia.

Ni msichana. Ni mdogo, wamemweka kwanza kwenye kile kisanduku cha joto na leo wamenipa nimlaze kifuani. Ana nywele nyingi zisizo na mpango. Paji la uso niliangalia kabla ya kitu kingine chochote. Ni la babu yake.

Mkononi ana nguvu, ila sifa yake kubwa ni mapafu. Analia akiwa na njaa, analia akishiba, analia akivalishwa na akivuliwa. Jirani wa kitanda amejifunika mto kichwani. Analia hata sasa ninapoandika, amekunja uso wote. Muuguzi amekuja mara mbili kuniuliza kama nataka amtoe nje kidogo nipumzike.

Nimemwambia, "Mwache. Bado namsikiliza."

Mwanao